Kiwiko cha Shangazi Mbele ya Mamlaka ya Mguso

Taifa linafahamishwa, na lisiposikia litafahamishwa tena kwa barua, kwamba kuanzia tarehe mosi hakuna mwananchi atakayeruhusiwa kugusa spika isiyo na waya, iwe nyumbani kwake, dukani kwake au mahali pengine popote penye paa, mpaka awe na kibali cha kidole.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Mimi ni Karani wa Kumbukumbu, Daraja la Tatu, katika Mamlaka ya Udhibiti wa Mguso. Nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko unaosomeka, na sijawahi kuuliza swali kazini. Sifa ya tatu ndiyo iliyonipa ajira, hizo mbili za mwanzo hakuna aliyezikagua.

Wapo wanaonung'unika kwamba serikali inaingiaje kwenye spika za watu. Hao hawajui tulikotoka. Spika za zamani zilikuwa na vitufe. Kitufe ni kitu chenye adabu: unakiona, unakibonyeza, kinakujibu. Hizi za sasa hazina kitufe hata kimoja. Juu zina uso laini kama sahani, na kidole kikipita tu, mambo yameshatokea. Gusa mara moja, inaimba. Gusa mara mbili, inaruka wimbo. Telezesha kidole ukingoni, sauti inapanda. Shikilia kwa muda, inazima. Madaraka yote hayo yamewekwa wazi sebuleni, bila mlinzi, bila hata daftari la wageni.

Hatari yake ilijulikana siku Mkurugenzi Mkuu wetu alipokuwa nyumbani akiongea na Waziri kwa simu. Waziri alikuwa anamsimulia jinsi alivyofiwa na shemeji yake. Mkurugenzi, akitafuta pa kuweka kikombe, akakiweka juu ya spika ya binti yake. Waziri akajibiwa na wimbo wa harusi, tena kwa sauti ya mwisho. Mkurugenzi alieleza, kwa kigugumizi, kwamba nchi haina sera ya mguso. Baada ya wiki mbili ilikuwa na sera, jengo, magari manne na mimi.

Kanuni zetu ni nyepesi, mtu yeyote mwenye wakili anazielewa. Kanuni ya Pili inasema spika itaguswa na mwenye kibali tu. Kanuni ya Saba inasema kidole halali ni cha shahada, cha mkono wa kulia, kilichonawishwa na kukaushwa. Anayetaka kibali anafika dirisha namba nne, anajaza fomu, kisha anaitwa chumba cha mtihani, ambako anagusa spika ya serikali mara moja. Ikiimba, amefaulu.

Hiyo spika ya mtihani ni mpya kabisa. Siku ilipofika, Mtunza Stoo alitoa betri yake na kuifungia kabatini, kwa mujibu wa Mwongozo wa Utunzaji wa Mali, ili isichakae. Ni mtu makini sana. Katika miezi tisa wamejaribiwa watu elfu nne mia mbili na kumi na moja, na wote wamefeli. Kwenye ripoti ya nusu mwaka tuliandika kwamba matokeo haya yanathibitisha ukubwa wa tatizo, tukaomba gari la tano.

Sasa nina shangazi, dada wa baba yangu, ambaye ni fundi cherehani. Undugu huu niliutangaza kwenye Fomu ya Undugu, nakala tatu. Karakana yake ni chumba kimoja kando ya nyumba: cherehani tano, meza ya kukatia, pasi, na akina dada wanne wanaoshona pamoja naye. Spika yake inakaa kwenye rafu iliyo usawa wa meza. Vidole vyake vimedungwa na sindano miaka ishirini na sita, ncha zimekuwa ngumu kama kwato. Akigusa spika kwa kidole, spika haina habari. Halafu mikono yenyewe muda wote imeshika kitambaa. Kwa hiyo anatumia kiwiko. Gonga mara moja, wimbo. Gonga mara mbili, wimbo mwingine. Akitaka sauti ipande, anakitelezesha ukingoni kama anayefuta vumbi, na mshono wake haupindi hata uzi mmoja.

Jumanne tulifika kwake kwa ukaguzi wa kawaida, mimi na Mkaguzi.

"Mama," Mkaguzi alisema, "tunaomba uzime huo muziki kwa namna unayozima siku zote."

Shangazi hakuinua hata macho. Aliinua kiwiko, akakishikilia juu ya spika, muziki ukazima.

"Kiungo kisichosajiliwa," Mkaguzi akasema. "Kijana, andika."

"Unaandika nini wewe?" shangazi akaniuliza.

"Kiwiko, shangazi."

"Cha nani?"

"Cha mtuhumiwa."

"Huyo mtuhumiwa ndiye aliyekushonea suruali uliyovaa. Andika na hilo."

Nikaandika na hilo. Kisha nikaibeba spika, maana ndiyo kazi ninayolipwa, na akina dada wanne wakanisindikiza hadi mlangoni kwa maneno ambayo hayana nafasi kwenye fomu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shangazi alikuwa na sare mia moja na ishirini za shule, za kukabidhi Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu alishasema zikichelewa, kazi ya mwaka mzima inahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye ana karakana ya vioo na hana haya. Na wale akina dada wanashona kwa kufuata muziki. Mguu unakanyaga na ngoma, sindano inafuata. Muziki ukikosekana wanaanza stori, na stori zikikolea, shati linatoka na mikono miwili ya kushoto. Jumatano peke yake yalitoka mashati sita ya aina hiyo.

Alhamisi saa nne asubuhi shangazi alikuwa mbele ya kamati nzima kukata rufaa: Mkurugenzi Mkuu kwenye kiti kirefu, Naibu wake, Mwanasheria, Mkaguzi, na mimi pembeni na daftari. Spika ya mtihani ilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufumwa.

"Mama, umeshtakiwa kwa kiwiko," Mkurugenzi alisema.

"Nimeshtakiwa, mheshimiwa. Lakini nina haraka, nina kola sabini."

"Mamlaka haina haraka."

"Hilo limeonekana."

Aliambiwa afanye mtihani. Akagusa kwa kidole. Kimya. Akaomba ruhusa kujaribu kiwiko. Mwanasheria akasema kiwiko kinaweza kupokelewa kama kielelezo. Akagusa kwa kiwiko. Kimya vilevile. Mkurugenzi akafungua kalamu yake ya wino ili amfelishe. Shangazi akaiinua spika kwa mkono mmoja, akaipima uzito kama anayepima nyanya sokoni.

"Mbona nyepesi hivi? Hii haina betri ndani, imezimwa kabisa, baba."

Hapa naomba msomaji aelewe uzito wa tuhuma. Kama spika ilikuwa imezimwa, basi watu elfu nne mia mbili na kumi na moja hawakufeli. Walikuja, wakanawa, wakagusa kifaa kisicho na uhai, wakarudi kwao kwa aibu, na sisi tukaandika ripoti. Naibu aliangalia dari. Mwanasheria alikumbuka kwamba ana kikohozi.

"Haijazimwa," Mkurugenzi alisema. Akainama, akaweka sikio karibu na ule uso laini, akafumba macho. "Hii spika inaimba hivi sasa. Iko chini chini, lakini inaimba. Naibu?"

Naibu akatega sikio. "Naam. Wimbo mzuri."

"Hasa hapo kwenye gitaa," Mkaguzi akaongeza.

Wakaanza kutikisa vichwa. Kukawa na tatizo dogo la kiutendaji, kwa sababu Naibu alikuwa anatikisa haraka na Mwanasheria polepole. Wakaangaliana, wakakubaliana mwendo wa kati. Mimi nilitikisa kalamu.

Shangazi aliwaangalia wote mmoja mmoja, kama anavyomwangalia mteja anayesema kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana.

"Basi mimi masikio yangu yameharibiwa na cherehani," alisema. "Inaimba?"

"Inaimba," Mkurugenzi alisema. "Na iandikwe."

Nikaandika.

"Haya. Na nani ameiwasha?"

Shangazi akanigeukia mimi.

"Wewe mwanangu, soma hapo. Tangu asubuhi nani ameigusa hii spika?"

Nikasoma: "Saa nne na dakika kumi na mbili, mwombaji aligusa kwa kidole. Saa nne na dakika kumi na tatu, mwombaji aligusa kwa kiwiko. Hakuna mwingine aliyegusa."

"Na kanuni yenu inasema nikigusa ikaimba, nimefanya nini?"

Mwanasheria akakohoa kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Umefaulu, mama," akasema.

Saa tano kasorobo shangazi alitoka getini na spika yake kwapani na Kibali Namba Moja mkononi, kimegongwa mhuri, kimeandikwa "kidole na/au kiwiko". Saa tano na robo muziki ulisikika mpaka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nasikia mashati yote ya siku hiyo yalitoka na mkono wa kulia.

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa uhodari wangu. Kumbukumbu za kila kikao hupelekwa Wizarani, na mimi huzipeleka siku hiyohiyo. Ijumaa mchana ikaja barua. Waziri amesoma kwamba muziki unapigwa ndani ya jengo la serikali, saa za kazi, tangu Alhamisi saa nne na dakika kumi na tatu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba umezimwa. Spika izimwe mara moja, na uthibitisho ufike mezani kwake Jumatatu saa mbili asubuhi. Vinginevyo atafutwe mkurugenzi mwingine, asiyependa miziki.

Kamati ilikaa kwa dharura. Mtunza Stoo alipendekeza betri irudishwe, spika iwake, kisha izimwe kihalali. Lilikuwa wazo la kitaalamu, na alihamishiwa kituo cha mbali kabla ya chai. Naibu, ambaye amekitazama kile kiti kirefu kwa muda mrefu, alikumbusha kwa upole kwamba Kanuni ya Pili haina mlango wa nyuma: anayegusa ni mwenye kibali tu. Tulifungua rejista ya wenye vibali nchi nzima. Ina kurasa mia tatu, na imeandikwa mstari mmoja.

Jumamosi asubuhi Mkurugenzi Mkuu alifika karakana. Nilimfuata nyuma na spika ya serikali, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kufumwa. Ndani muziki ulikuwa juu, cherehani tano zinakwenda pamoja kama mtu mmoja mwenye miguu kumi.

"Karibu, baba," shangazi alisema kwa heshima zote. "Kaa hapo kwenye benchi, nyuma ya huyo mama wa gauni."

"Mama, hili ni suala la kitaifa."

"La huyu ni la dharura. Harusi kesho na gauni halipandi."

Akakaa. Mama wa gauni akamsogezea mkoba wake amshikie. Baada ya saa nzima Mkurugenzi akaeleza shida yake, akiangalia sakafu, kwa sauti ya chini sana, akina dada wakaacha kukanyaga ili wasikie vizuri.

"Kwa hiyo nizime spika ambayo…"

"Ambayo inaimba," Mkurugenzi akasema haraka.

"Nimesikia. Lakini kibali changu kinaniruhusu kugusa, hakinilazimishi. Na hapa nina mashati arobaini hayana vifungo, Jumatatu hiyo yako ndiyo na yangu." Akamnyooshea sindano na uzi. "Shati moja vifungo saba. Tukimaliza mapema, tunaizima mapema."

Mkurugenzi aliniangalia. Kwenye Kanuni hakuna kifungu kinachomkataza kiongozi kushona, nami nikamwambia hivyo kwa moyo safi. Akavua koti.

Shati la kwanza lilimchukua nusu saa. Shangazi akaliinua mbele ya dirisha.

"Hiki umekiweka nje ya mstari. Fumua."

"Kwa mujibu wa kanuni ipi?"

"Ya tundu. Tundu liko huku."

Akafumua. Mchana ulipopita, alikuwa amefika shati la kumi na moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na dada anayeshona kola alishaacha kumwita mheshimiwa, anamwita fundi. Saa kumi na moja jioni, akina dada wakisaidia, kifungo cha mwisho kikashonwa. Mkurugenzi akasimama, akanyoosha mgongo, akafungua kile kitambaa na kuiweka spika ya serikali juu ya meza ya kukatia. Nikafungua daftari.

Shangazi alipunguza muziki wake, akakunja mkono, akagonga ile spika kwa kiwiko, akakishikilia kama inavyotakiwa. Cherehani zote zikasimama. Kilisikika chuma cha pasi kikipoa.

"Imezima?" Mkurugenzi aliuliza.

Shangazi akainama, akaweka sikio karibu, akafumba macho.

"Bado," alisema. "Naisikia chini chini." Kisha akavuta rundo la sketi ambazo hazijapindwa, akaliweka mbele yake. "Kaa, fundi. Tutaijaribu tena tukimaliza hizi."