Sufuria Iliyonishusha Cheo

Murara, Goma, Jumamosi

Kwa Mheshimiwa Mhandisi Mkuu,
Kampuni ya Sufuria Janja

Kuhusu: kuandikishwa kwangu kama mtoto

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa adabu zote, nikitumaini kwamba wewe na jamaa yako mna afya na mnakula bila kuomba ruhusa. Mimi ni Munguakonkwa Aubin, baba wa familia, wakala mstaafu wa duane, yaani forodha, ya mpaka wa Bunagana, ambako maisha yangu yote ya kazi niliwajazia wafanyabiashara karatasi za mizigo. Mke wangu, Mama Nshobole, amekwenda Bukavu kumtunza binti yetu Christa aliyejifungua. Christa, akijua baba yake hawezi hata kuchemsha chai, alikuwa amenitumia sufuria yenu ya umeme, ile inayosema kwa mdomo na kupeleka habari kwenye simu. Kwa sufuria nashukuru. Malalamiko yangu ni haya.

1. Siku ya kwanza, mke wangu akiwa bado hapa, sufuria ilituuliza maswali ili ipime ujuzi wetu. Je, najua kutumia programu za simu? Najua kubadili neno la siri? Nimewahi kupika kwa umeme? Sasa Mheshimiwa, mtu wa duane akiulizwa ana nini, hujibu kwamba hana kitu. Unataja kidogo, unalipa kidogo. Hiyo ndiyo elimu niliyowapa watu mpakani, na hakuna aliyerudi kunilaumu. Nikajibu hapana kwa kila swali, nikasubiri kuona nimesamehewa kiasi gani. Sufuria ikafikiri, ikaniweka katika ngazi ya «Mtoto, chini ya miaka minane». Mke wangu, asiyependa kudharauliwa, alijibu ndiyo kwa yote. Yeye ni «Mtaalamu».

2. Mtoto hafungui kifuniko mpaka Mtaalamu akubali kwenye simu yake. Lakini siku mke wangu aliposafiri, shirika letu la parokia lilikuja kusali kwangu. Maharagi yalikuwa yameiva, harufu imejaa nyumba nzima, na Mtaalamu yuko ndani ya boti katikati ya Ziwa Kivu, ambako mtandao haufiki. Tulisali rozari, tukaongeza litania, tukaimba nyimbo zote tunazozijua na moja tusiyoijua. Mwishowe nikakivuta kifuniko kwa nguvu. Sufuria ikapaza sauti, kwa Kiswahili cha redio: «Mtoto mzuri, usiguse. Mwite mama.» Mheshimiwa, mama yangu tulimzika Kabare nikiwa kijana. Mama Masika, mkubwa wa shirika, alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kushika. Niliona haya, nakuambia wazi. Wageni waliondoka na njaa, jambo ambalo halijawahi kutokea kwangu.

3. Tangu hapo, kila nikigusa sufuria, simu ya mke wangu inalia kule Bukavu: «Mtoto amekaribia moto.» Naye hunipigia papo hapo. «Papa Christa, tosha mukono kwa moto, utajiunguza! Ulisha kula? Ulitia chumvi?» Asubuhi, mchana, jioni. Mzee mzima nachungwa kama mbuzi, na majirani wanasikia, kwa sababu simu yangu haijui kunong'ona.

4. Kwa hiyo naomba kati ya Mtoto na Mtaalamu muweke ngazi ya «Baba Mwenye Nyumba». Huyo asiulizwe anajua nini. Aulizwe kwanza kama ameamka salama. Apewe kitufe kimoja kikubwa, na akikibonyeza, sufuria iseme «Ndiyo, papa», kisha iendelee na ilichokuwa ikifanya.

5. Mkishindwa, basi fungueni ofisi mpakani. Kila mwanaume anayeingia na chombo chenye akili apimwe na tume, apewe cheti chenye muhuri, na asiyeridhika akate rufaa mpaka Kinshasa. Leo ni sufuria. Kesho pasi itakataa kuninyooshea suruali mpaka mke wangu athibitishe kwamba nina miguu, na mlango utanilaza nje kwa kuwa sijafikisha umri wa kuingia.

Wasalimie mama watoto na wote wa ofisini, hata yule aliyetunga maswali. Mwambie simchukii, ila tusikutane.

Ni mimi, ninayeingoja haki yangu nikiwa nimekaa wima,

Munguakonkwa Aubin

N.B. Leo ni Jumanne. Jumamosi ileile jioni, barua ikiwa bado mezani, Mama Masika alipita, akaibonyeza sufuria mara moja tu, nami nikawa Mtaalamu. Nafungua kifuniko nipendavyo. Sufuria hainisemeshi tena, na Bukavu haipati habari yoyote juu yangu. Nshobole hajapiga simu tangu Jumamosi, anadhani nimeshajua kupika. Kumpigia mimi siwezi, maana nitamwambia nini, kwamba chumvi nimetia? Nimejaribu kurudi nyuma, lakini chombo kinasema Mtaalamu harudi utotoni bila kibali cha kampuni. Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafute. Nirudishie utoto wangu, ikiwezekana kabla ya chakula cha jioni.