Mguu Wangu na Tembe Sita wa Bibi Zlatka

Jumatatu, 19 Juni
Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Ukishindwa, basi usimwambie mtu hata neno moja. Hasa meya. Hasa mama yake. Mimi ni karani wa muda katika ofisi ya kijiji na sina pa kwenda.

Nimepanga chumba kwa Bibi Zlatka, mama wa meya. Desemba, asubuhi ya Mtakatifu Ignati, siku ambayo anayeingia kwanza ndiye huiletea nyumba bahati au nuksi ya mwaka, nilikuwa mtu wa kwanza kuingia jikoni kwake. Nilikuwa natafuta kiberiti! Akanichuchumaza juu ya majani makavu, akaniamuru nilie kama kuku anayeatamia. Nililia. Tangu hapo bahati ya kuku wake mwaka mzima iko mguuni kwangu. Mbweha alipomla jogoo mwezi Machi, niliulizwa mimi.

Leo kanunua tembe sita, hawajaanza kutaga. Bandani kuna wakongwe tisa. Mkubwa wao ni Baronesa, wa kijivu, macho ya mkaguzi. Bibi kasema tembe wote wakiwa hai na wakila na wakongwe ifikapo Mtakatifu Petro, tarehe 29, mwanawe atatia saini barua yangu ya ajira ya kudumu, palepale kwenye chakula cha mchana. Akipungua mmoja, nihame. Kaagiza wavu kati yao, siku saba, wazoeane kwa macho. Rahisi.

Jumanne, 20 Juni
Plamen, karani mwenzangu, naye ni wa muda. Nafasi ni moja. Kaniuliza kuku wanaendeleaje. Nikamweleza siku saba. Kacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Siku saba, mkubwa? Unawaoza?" Kwao, kasema, wavu huondolewa siku ya pili.

Nimeuondoa. Dakika nne! Baronesa kamdonoa tembe mmoja utosini mpaka damu. Nimeurudisha wavu. Bibi kauliza damu hii ya nani. Nikasema yangu. Akashukuru Mungu.

Alhamisi, 22 Juni
Plamen ana moyo mzuri. Kanieleza kwamba kuku hutambuana kwa harufu: wapake wote rakia, ile pombe kali ya matunda, hakuna atakayejua mgeni nani. Nikachukua chupa ya Bibi, rakia ya zabibu, ya sikukuu. Kuku kumi na tano, mmoja mmoja, kwa soksi. Matokeo: tembe wananuka, wakongwe wananuka, Baronesa anadonoa vilevile.

Nami nanuka. Ofisini meya kanisogelea, kavuta pumzi, kauliza kama nyumbani kuna shida. Nikasema ni kuku. Akasema hata marehemu baba yake alikuwa akisema ni kuku.

Ijumaa, 23 Juni
Nimepata kijitabu cha ufugaji wa kuku. Mwondoe mbabe siku tatu. Akirudi atakuwa mgeni, cheo kimekwisha. Banda la pili hatuna. Chumba cha nyaraka ofisini kipo, na haingii mtu. Baronesa yumo, ana maji na ngano. Bibi nimemwambia ameatamia mahali. Si uongo mtupu. Juu ya Vizazi na Vifo, 1974, kuna yai.

Jumatatu, 26 Juni
Nimemrudisha alfajiri. Wakongwe wakamshukia wote! Nikatoa wavu, akakimbilia kwa tembe, akajibanza katikati yao. Ilipofika adhuhuri walikuwa wakila chombo kimoja, kumi na tano. Baronesa alisubiri zamu yake. Sikuamini.

Jumatano, 28 Juni
Bibi kahesabu tembe mara mbili. Sita. Kanibusu paji la uso: "Mjukuu wangu, una mguu wa heri!" Barua nimeichapa mwenyewe, jina atalijaza meya mezani, na kuikagua mara tatu. Plamen kanipongeza. Kasema kesho naye atakuja kula, maana ana neno na meya kuhusu manyoya ndani ya nyaraka.

Sikula kitu. Kisha nikakisoma tena kijitabu. Mwondoe mbabe. Kuna tofauti gani kati ya kuku na karani? Siku tatu sihitaji. Saa mbili zinatosha.

Alhamisi, 29 Juni, Mtakatifu Petro
Saa tano na nusu nimeingia chumba cha nyaraka kumwandalia Plamen maji na mkate. Mimi si mkatili. Mlango ukajifunga. Kwa ndani hauna kitasa. Ufunguo niliuacha nje. Nimemsikia Plamen akipita akipiga mluzi. Akasimama. Ufunguo ukazunguka. Akaniuliza taratibu kama nimeatamia. Kisha akaenda kula.

Sasa ni saa saba kasoro robo. Barua inatiwa saini saa saba, kwa jina la atakayekuwapo.

Mpango wenyewe hauna dosari. Jumatatu nitaurudia, kwa kamba ya kuuzuia mlango.

Nalitupa daftari hili nje. Wewe uliyeliokota, unipate hivi: nyuma ya ofisi, dirisha la chini lenye nondo, la pili kutoka kwenye mti wa cheri. Gonga mara mbili, ukohoe. Usipitie mbele. Ufunguo uko kwa Plamen, koti la kahawia, mfuko wa kushoto; sasa hivi atakuwa kwenye kiti changu, kando ya meya. Usimwombe. Mwendee Bibi, umnong'oneze kwamba Yavor, ndiye mimi, anamwita, ni jambo la kuku. Atakuja mbio. Na mletee kalamu meya, maana hii ninayoandikia ndiyo yake.