Mashine Yenye Adabu

Jumatatu, 3 Juni

Zimebaki siku saba. Majaribio yangu ya kazi yanaisha Jumatatu ijayo, na Bosi ndiye atakayesema kama nabaki au nafungasha. Karani aliyenitangulia alifungasha. Nimemuuliza Dereva Mkuu alikosea nini. Akasema alipiga chafya juu ya barua ya mteja. Sijui kama ni mzaha. Tangu saa nne leo nimefungua barua kumi na moja huku nimebana pua.

Kazi hii aliniombea Shangazi. Alimwapia Bosi kwamba sijawahi kuharibu kitu. Amesahau redio yake. Mimi sijasahau.

Niandike wajibu wangu mkubwa, nisije nikakosea hata kwa kulala. Kila asubuhi, saa moja kamili, Bibi anaingia na fimbo yake. Bibi ni mama yake Bosi, mjane wa Babu aliyeanzisha kampuni. Anasimama kwenye ujia kati ya ofisi na ghala, mbele ya mashine ya kwanza ya kuuzia soda. Kabati refu la bati, jekundu lililochujuka, limepachikwa ukutani, mgongo wake ukitokea stoo. Anatumbukiza sarafu ya zamani isiyotumika tena popote duniani ila tumboni mwa mashine hiyo. Chupa inabingirika ndani, inagonga bati, ting! Bibi anaichukua. Hapo tu ndipo malori yanatoka kupeleka kreti za jumla madukani. Bila chupa, hakuna lori. Miaka mingi sasa. Madereva wanaamini kwamba siku chupa isipotoka, kampuni imekwisha, na nimewaona watu wazima wenye ndevu wakishika vifua kuisubiri ile ting.

Ufunguo wa mlango wa nyuma wa mashine ninao mimi. Naingia stoo ya makasha matupu, nafungua, naweka chupa moja, natoa sarafu, namrudishia Bibi kwenye bahasha.

Jumamosi ni maadhimisho ya miaka hamsini. Bosi ananisomea historia ya kampuni, mimi naandika. Leo ameniamuru niandike kwamba mashine ya Babu iliuza soda tangu siku ya kwanza bila kukwama hata mara moja. Bibi alikuwa anapita. Akachekea puani. Bosi akaniambia mama ana mafua, endelea.

Nina wazo! Mashine ina mlio mdogo, kwi-kwi, kabla ya chupa kushuka. Nikiipaka mafuta kimyakimya, Jumamosi itateleza kama hariri. Bosi atauliza ni nani. Nitainamisha kichwa. Nimejaribu sura ya unyenyekevu mbele ya kioo. Inanikaa vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Mungu wangu.

Saa tisa alasiri niliingia stoo na kichupa cha mafuta ya cherehani ya Shangazi. Tone moja tu, nilijiambia. Lakini mafuta hayakufika penye kwi-kwi. Nikalegeza skrubu moja. Nikalegeza ya pili ili ile ya kwanza isione upweke. Springi ikaruka, ikapita karibu na sikio langu ikilia kama nyuki, ikatokomea katikati ya makasha.

Nimetafuta saa nzima kwa magoti. Nimepata vifungo viwili, mende mmoja, na meno ya bandia ya mtu nisiyemjua. Springi, hapana. Nikarudisha kila kitu nilichoweza kurudisha. Vimebaki vipande vinne mkononi. Nikatumbukiza kipande cha bati kujaribu. Mashine ikakohoa. Chupa haikusogea.

Mtunza Ghala akachungulia. Tunamwita Pua, kwa sababu hakuna kinachooza kwenye ghala lile asikijue kwanza. Ana mpwa wake anayeitaka sana kazi yangu. Akauliza mbona kunanuka mafuta ya cherehani. Nikasema ninashona. Akauliza nashona nini stoo. Nikasema soksi. Akaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndara.

Sijala.

Jumatano, 5 Juni

Bado nina kazi. Niandike haraka kabla moyo haujabadili mwendo.

Usiku kucha niliwaza njia tatu. Kukiri: hapana. Kutoroka: viatu vyangu vizuri viko kwa fundi. Ya tatu ndiyo niliyoifuata. Saa moja kasoro robo nilikuwa stoo, mlango wa nyuma wa mashine wazi, mkono wangu wote ndani hadi begani, chupa ya ndimu kiganjani. Nikasikia fimbo ya Bibi. Ko. Ko. Ko. Sarafu ikashuka. Nikaweka chupa kwenye kidirisha cha chini, taratibu mno, isije ikapasuka.

Kimya. Nilisahau ile ting!

Upande wa pili Dereva Mkuu akauliza kwa sauti ya mgonjwa kama imetoka. Bibi akasema imetoka. Kisha akasema, bila haraka, kwamba leo mashine ina adabu. Malori yakaondoka.

Adabu! Ameisifu! Kesho naja na kijiko cha kugongea bati.

Alhamisi, 6 Juni

Kijiko kimefanya kazi. Ting yangu ni safi kuliko ya mashine yenyewe.

Jambo moja la kutisha. Baada ya kuchukua chupa, Bibi alibaki amesimama. Akasema, sijui anamwambia nani maana ujia ulikuwa mtupu, kwamba amechoka na ndimu, laiti angepata ya chungwa kesho. Mashine haina chungwa. Lakini Bibi akikosa chungwa atanuna, Bosi atauliza kwa nini mama amenuna, watafungua mashine, watakuta vipande vinne havimo. Nimenunua ya chungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Chungwa limetoka. Bibi hakushangaa hata kidogo. Nikajipongeza kwa sababu nimemridhisha bila kuleta maswali.

Halafu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha karibu kabisa na kidirisha. Kabla sijajizuia, mdomo wangu ukasema, "Pole, Bibi."

Hivi ndivyo nilivyolelewa, na malezi yataniua.

Kisha Bibi akajibu, "Ahsante, mwanangu." Ko, ko, ko, akaenda zake. Nimefikiria sana. Bila shaka alidhani ni Dereva Mkuu, ingawa wakati huo Dereva Mkuu alikuwa uani akipiga honi.

Hayo si kitu. Mchana Pua alimwendea Bosi na kushauri kwamba kesho, kwa ajili ya picha, mashine ing'olewe ukutani na kusimamishwa katikati ya ua, wageni waizunguke pande zote. Bosi alifurahi hadi akampiga begani. Pua akanitazama mimi, si Bosi. Akauliza kama soksi zimekwisha.

Pande zote! Mimi nitasimama wapi?

Jioni, wengine walipotoka, nilijipima. Nikitoa mfereji wa chupa na rafu ya kati, nikakunja mguu wa kushoto, naenea ndani. Kwa mara ya kwanza namshukuru Shangazi kwa ubahili wa sufuria zake.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado una ganzi.

Saa kumi na mbili asubuhi niliingia; leo sarafu ya Bibi imesogezwa hadi sherehe. Mlango wa nyuma niliufunga kwa ndani kwa kamba ya kiatu, nikauma ncha ya kamba. Giza, vumbi, na buibui aliyenifikia, akashangaa kama mimi. Saa mbili wapakiaji sita wakaja na toroli. Mmoja akalalamika kwamba mashine ya marehemu ina uzito wa marehemu mwenyewe. Wakaiinua. Nikabanwa shingo. Wakanipindua kidogo, wakanizungusha kwa sababu mpiga picha alitaka mwanga, wakanirudisha kwa sababu Pua alitaka mgongo uonekane. Nikahesabu pumzi. Jasho likaingia macho yote mawili. Pua akagonga bati karibu na sikio langu, akanusa. Nilimsikia akinusa! Akasema hapa ndani kuna kitu hai. Bosi akamwambia siku ya leo aache panya wapumzike.

Kisha Bosi akasoma historia niliyoiandika kwa mkono wangu. Kwamba Babu aliinunua mashine hii, akaiweka kwenye lango la kiwanda cha nguo, ikauza tangu siku ya kwanza bila kukwama hata mara moja. Kwamba sifa yake ikazaa mashine ya pili, ya tatu, kisha ghala, kisha malori. Kwamba Bibi alimsaidia sana Babu, hasa kwa upishi, kabla hajaanguka ngazi na kuumia goti. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa ndani ya historia, naumwa kiuno.

Ko. Ko. Ko.

Sarafu ikanipiga utosini. Nikashika chupa. Nikashika kijiko. Vidole havikuwa vyangu tena. Kijiko kikaniponyoka, kikateleza chini, kikatokeza kidirishani mbele ya wageni mia mbili.

Nilimsikia dereva mmoja akiomba dua. Nikasukuma chupa ifuate, nimechelewa, sijagonga chochote. Nikaona maisha yangu yote: barua, chafya, Shangazi mlangoni amekunja mikono.

Bibi akainua sauti. Akawatangazia kwamba kwa miaka hamsini mashine imetoa soda, na leo, kwa heshima ya siku, imetoa na kijiko. Zawadi! Ua mzima ukalipuka kwa vicheko na makofi. Akawaambia waende ghalani wakale keki, yeye anataka kukaa kidogo na mashine ya mumewe. Akamwambia Pua atangulie, na aache kunusa vitu vya watu. Miguu ikaondoka. Nikasikia kiti kikiburutwa.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "umekunja mguu gani?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu mzima ameuliza.

"Wa kushoto, Bibi."

"Badili. Mimi nilikunja wa kushoto miezi saba. Goti hili halikuanguka ngazi yoyote."

Nikaachia kamba. Mlango ukafunguka, nikaanguka nje kama kreti. Bibi hakunisaidia kuinuka. Alikuwa anafungua soda yake.

Akanisimulia akiwa ametazama lango. Mashine ilikufa siku ya kwanza, mchana, foleni ya wafanyakazi wa kiwanda ikiwa imefika barabarani. Babu alilia. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba kama fagio, ameolewa majuma matatu. Akaingia ndani. Kila alfajiri akaingia, kila jioni akatoka, mpaka fundi wa kweli alipopatikana. Watu wakaipenda mashine ile kwa sababu ilijua nani anataka ndimu na nani chungwa. Ya pili ilinunuliwa kwa sifa hiyo. Babu aliona haya kulisema, akaendelea kuona haya hadi kaburini. Bosi hajui.

"Kampuni hii yote ilianzia kwenye magoti yangu," alisema. "Halafu nimeandikwa upishi."

Nikamwomba radhi, maana upishi niliuandika mimi. Nikamuuliza alinijua lini.

"Jumatano. Mashine hudondosha, mwanangu. Wewe uliniwekea."

Akanipa nusu ya soda yake. Akasema jambo moja tu analotaka kutoka kwangu. Jumatatu niende kwa Bosi, niseme mwenyewe kwamba niliharibu, aitwe fundi. Yeye atakuwa amekaa palepale, hakuna atakayenifukuza. Alisema kama Babu angeweza hilo, mambo mengi yangekuwa mepesi, goti la Bibi likiwa la kwanza.

Nikaapa. Nililia kidogo, kwa sababu ya shingo.

Jumapili, 9 Juni

Nimejisomea maneno ya kukiri mara arobaini. "Bosi, niliharibu mashine." Maneno matatu. Mtoto anaweza kuyasema. Shangazi amesikia nikiyasema bafuni, akauliza mashine gani. Nikasema ni shairi.

Jumatatu, 10 Juni

Niliingia saa mbili, baada ya ting ya asubuhi. Bosi mezani. Bibi kwenye kiti cha pembeni, fimbo mapajani, kama alivyoahidi. Pua mlangoni, anasubiri, na mpwa wake nje amevaa tai.

Nikafungua mdomo. Nikafika "Bosi". Bosi akanikatiza. Akasema kuna jambo amelitambua tangu Jumatano: ile kwi-kwi ya mashine, iliyomkera tangu utotoni, imetoweka kabisa. Anataka kujua ni fundi gani aliyeitengeneza.

Sikujibu. Naapa sikujibu! Kichwa kiliinama chenyewe. Ile sura ya unyenyekevu ikaja yenyewe, ikakaa.

Bosi akasimama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema majaribio yamekwisha, nimeajiriwa, na kuanzia leo mimi si karani tu, ni fundi wa mashine zote za kampuni. Kuna saba zimelala. Nianze kesho na ile ya hospitali, wauguzi wamechoka kuipiga mateke. Pua alitoka, na tai ikamfuata.

Bibi hakunisaliti. Alinitazama uso, kisha akanitazama magoti, muda mrefu. Akatoa kikopo cha dawa ya kuchua mfukoni mwake, akakiweka mezani mbele yangu, akaondoka. Ko. Ko. Ko.

Nitamwambia Bosi ukweli. Kabisa. Wiki ijayo, mambo yakitulia, maana mtu hawezi kukiri siku ileile aliyopandishwa cheo, ni utovu wa adabu.

Jioni nimepitia hospitali, nimeiona hiyo mashine. Nimeipima kwa kamba ya kiatu. Ni nyembamba kuliko yetu kwa vidole viwili. Saa moja kamili niwe ndani ya ile ya Bibi, ambayo bado iko uani, saa mbili niwe ndani ya hii. Nikitoa rafu mbili za chini, na nisipokula kitu usiku huu, naenea.

Mguu wa kulia, safari hii.