Malalamiko Kuhusu Binti Yako na Oili ya Boti Yangu

Mtongwe, Likoni

Kwa Baba Mkwe, Mzee Nzai, Chaani.

Shikamoo, Baba. Natumai maumivu ya mgongo yamepungua na Mama Mkwe hajambo. Sisi huku tu wazima, ila boti yangu, ambayo Mama Mkwe na wanakwaya wenzake wanaitegemea kuvukia Jumapili kwenda tamashani, imezuiwa ufukweni. Aliyeizuia ni binti yako Nyamvula, mke wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulipomruhusu kusomea ufundi wa mashine za boti kule Kisauni, sikupinga. Nilidhani atatengeneza za watu. Jumatatu, mbele ya abiria wangu, alifungua skrubu ya chini ya mguu wa gia, ule unaoshuka nyuma ya boti na kushika rafadha, lile panga linalosukuma boti. Kwanza yakatoka maji, kisha oili nyeupe kama chai ya maziwa. Akatamka, kwa sauti ya daktari, kwamba bahari imeingia. Nilimweleza kwa upole kuwa boti hukaa majini, na maji kuitembelea si ajabu. Akaomba chupa tupu.

2. Oili hiyo aliitia kwenye chupa ya jemu, akaiweka mezani itulie, aone maji yatakavyojitenga. Mchungaji Gedion alipotutembelea alidhani ni chai ya mgeni, akaiombea baraka. Namshukuru Mungu hakuwa na kiu.

3. Hakutosheka. Aliimwaga oili yote mguu ukawa mtupu, akaujaza upepo kwa pampu, akaupaka maji ya sabuni kama anayemwogesha mtoto. Mapovu yakachemka pale rafadha inapoungana na mguu. Akachomoa mshipi wa kuvulia uliojiviringa hapo, akasema umekata sili, yaani ule mpira unaozuia maji. Baba, boti yangu imekunywa maji hayo siku zote bila kunung'unika. Anayenung'unika ni asiyekunywa.

4. Tangu hapo nyumbani hakuna kisichopimwa. Juzi aliutazama uji wa mama yangu, akauliza umetulia tangu lini. Nami nikisema nilikuwa kwa jirani yetu Boga, hunikazia macho kama anayengoja mapovu.

5. Funguo za boti amezificha. Nilipomkumbusha kwamba mimi ndiye kichwa cha nyumba, alisema, "Kichwa hakizuii maji, Chrispine. Sili ndiyo huzuia."

Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha wazee, umwamuru arudishe funguo, airudishe oili ile ile ndani, na aape kutofungua tena skrubu yoyote ya mumewe. Akikataa, mchukue akae Chaani hadi azoee. Maana leo ni oili. Kesho ataifungua ndoa aitazame rangi, na mimi sijui ndani yake mna nini.

Msalimie Mama Mkwe, shemeji Tinga, na kila atakayeuliza habari zangu. Asiyeuliza, msalimie pia.

Mkweo mtiifu,
Chrispine Kadenge

Tanbihi: Jumamosi, kabla sijaituma barua hii, niliziona funguo, nikaitoa boti peke yangu ili nithibitishe kwamba haina ubaya. Nilipofika katikati, mguu mtupu ulilia, ukanuka kuungua, gia zikakwama. Mkondo ukanisukuma kwenye njia ya meli. Meli ya makontena ilipiga honi, nami sikuwa na cha kuijibu. Nyamvula alikuja na boti ya Jafar, mshindani wangu, akanitupia kamba. Akanivuta hadi nchi kavu. Hapo akaketi mchangani akalia, kisha akauliza, "Na kama ingekuwa kesho, Mama akiwa ndani?"

Kwaya itavuka na Jafar. Tafadhali usiitishe kikao. Barua nilitaka kuichana, lakini Nyamvula ameisoma na amekataa. Anakuletea mwenyewe, na anaomba uisome kwa sauti, Mama Mkwe akiwapo.