Njahi za Mzazi Asiyekuwepo

Jumatatu, 5 Julai 1971

Baridi! Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Wenyeji wanasema ndio msimu wenyewe, kana kwamba hilo linasaidia. Kwetu Muheza saa hizi watu wako kivulini na madafu. Mimi niko Skuta, Nyeri, nimevaa soksi juu ya soksi, nakula githeri peke yangu. Mahindi na maharagwe, yamechemshwa, basi. Kuku wa marehemu mama walikula vizuri zaidi.

Nilivuka mpaka nikiambiwa kwamba Kenya mkata suti wa kweli anatafutwa kwa tochi. Nakata sare za shule katika duka la Jagdish. Theuri, fundi mwenzangu, amejitwalia meza iliyo karibu na jiko la makaa. Hakuna anayeniita Semboja. Kwa wote mimi ni Mtanzania.

Jumatano, 7 Julai

Ugunduzi! Mama mwenye nyumba, Wachuka, ana binti yake Ngendo aliyejifungua juzi. Leo kanipitishia kibakuli cha kilichobaki. Kitu cheusi kimepondwa na ndizi mbivu. Nilidhani ni lami. Nikaonja. Nikakaa chini.

Zinaitwa njahi, maharagwe meusi ya huku. Joto likashuka mpaka magotini, mahali ambapo blanketi nililopewa na Jagdish halijawahi kufika. Nikamkumbuka mama. Nikalia kidogo, nikaramba kijiko, nikarudisha bakuli nikiuliza kama kuna jingine.

Wachuka alicheka sana. Hiyo ni chakula ya mzazi, akasema, inarudisha damu na kuleta maziwa. Mwanaume mzima nataka kumnyonyesha nani?

Ijumaa, 9 Julai

Mpango wa kwanza. Nimemshonea mtoto wa Ngendo koti kwa vipande vya sare. Kola, mfuko wa kifuani, vifungo vitatu. Mtoto anaonekana kama mwalimu mkuu. Nilipolipeleka, nilisimama mlangoni nikinusa kwa nguvu ili waelewe.

Wakashukuru mno. Wakanipa chai.

Nikarudi chumbani. Nyumba hizi za mbao hazifichi kitu: niliwasikia wakila, wakicheka, wakigombania ukoko. Sijui upweke mbaya kuliko kusikiliza vijiko vya watu wengine.

Jumamosi, 10 Julai

Akili ni mali! Chakula ni cha mzazi, basi apatikane mzazi. Sina mke, lakini hilo ni jambo dogo.

Asubuhi nilimwambia Wachuka kwamba mke wangu aliingia jana kwa basi kutoka Tanga, na alfajiri amejifungua mtoto wa kiume. Akashangaa hakusikia hata mguno. Nikasema wanawake wa kwetu ni wavumilivu. Akataka kuingia. Nikaziba mlango kwa mwili wangu: kwetu mzazi haonekani mpaka arobaini yake itimie. Kinachopita ni chakula tu. Nilijipongeza sana kwa hilo.

Jambo moja sikulijua. Huku, mzazi ni wa kina mama wote. Jioni walikuja kundi zima, mizigo ya kuni mgongoni, viondo vya unga, kibuyu cha uji mchachu, na sufuria ya njahi iliyobebwa na wawili. Wakapiga vigelegele vitano, kwa kuwa ni mvulana. Vitano! Mlangoni kwangu! Kisha wakauliza baba yangu aliitwa nani, maana mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu. Nikasema Mhando. Wakaondoka wakiniita Baba Mhando.

Nilifunga mlango nikatokwa na machozi kama baba kweli.

Jumatatu, 12 Julai

Njahi asubuhi, njahi mchana, njahi jioni. Suruali imeanza kubana. Dukani Jagdish kanipa kipande cha flana cha kumfunikia mtoto, na mkewe Prabha kaleta vitamu vya ladu. Hakuna aliyesema Mtanzania siku nzima. Baba Mhando, shika mkasi. Baba Mhando, sogea jikoni upate joto. Theuri ilibidi anipishe!

Ndiyo maana ana wivu. Jioni alipita kwangu makusudi, akauliza mbona mtoto halii. Nikaenda nyuma ya pazia nikalia kitoto, kwa ustadi mkubwa. Theuri alisikiliza.

"Baba Mhando," akasema, "hiyo mtoto yako iko na kikohozi ya mzee."

Akaelekea moja kwa moja kwa Wachuka. Mmbeya!

Jumatano, 14 Julai

Msiba. Kumbe Wachuka alikuwa na wasiwasi. Mama kimya, mtoto anakohoa, na baba ndiye anayenenepa. Akamleta Warigia, mkunga. Nikawasikia uani wakija.

Nilifanya ambacho mtu yeyote mwenye busara angefanya. Nilijifunga khanga ya marehemu mama, nikapanda kitandani, nikakumbatia mto, nikageukia ukuta.

Warigia hakubisha hodi. Akanishika paji la uso, akasema homa hakuna. Mkono ukateremka shavuni. Ukasimama.

"Uui! Huyu mzazi ako na ndevu!"

Wakaingia kina mama wote. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Wengine walicheka mpaka wakakaa juu ya kuni walizonibebea. Theuri alikuwa dirishani, angekuwa wapi tena?

Wachuka hakucheka. Alisema hajalala, akifikiri kuna mama anayekufa nyuma ya ukuta wake, mgeni, mbali na kwao. Hapo nikaona aibu, aibu ya kweli, na khanga haikutosha kuificha.

Akaniuliza huwa nakula na nani. Nikasema na nani tena? Akaniuliza jina langu hasa. Nikamwambia.

"Sasa, Semboja," akasema, "kwani hauna mdomo? Ukisikia njaa si ubishe tu? Sisi hatukuli watu."

Kuni hakuzichukua. Sufuria aliichukua.

Jumapili, 18 Julai

Mlima umeonekana leo, mweupe kichwani. Baridi ni ileile. Njahi zinanukia tangu watoke kanisani. Wachuka ameacha mlango wake wazi, na karibu na moto kuna kigoda kisichokaliwa na mtu. Nakiona kutoka dirishani kwangu. Ngendo ametoka na mtoto mgongoni, ndani ya koti langu, akaangalia upande huu, akarudi ndani.

Natamani kwenda. Natamani sana. Lakini niende hivihivi? Mkata suti mzima, asimame mlangoni aseme ana njaa? Watanionaje?

Nimeulizia kwa siri sokoni. Huku mtu akivunjika mfupa hupikiwa supu ya mbuzi, na watu huja kukaa naye mchana kutwa, kwa zamu. Kwa zamu! Mara hii hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna kulia. Flana ya Jagdish nimeshaipasua. Nimeanza na mguu wa kushoto.

Wachuka anaita Semboja, njoo, chakula inapoa. Hii ni mara ya pili. Asubiri kidogo tu, nimalize kufunga.