Supu ya Mwani Kabla ya Usaili

Jumatatu, 4 Machi

Kiti kiko wazi! Mkurugenzi wa Utafiti wa chuo chetu kastaafu leo asubuhi. Kapewa chungu cha maua ya okidi, kapigwa picha, na kufikia chakula cha mchana hakuna aliyemkumbuka. Nilipita mbele ya ofisi yake kwa bahati tu. Nikapita tena. Kiti ni cha ngozi. Nimekikalia kidogo. Kinazunguka!

Mpinzani ni mmoja: Pyo Gyu-sik, profesa wa betri. Viwanda vinamgombania. Nywele kichwani tele. Tena ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Katibu anasema kila mgombea aeleze atawasaidiaje watafiti. Swali gumu. Sikuwa nimewafikiria watafiti.

Kuna jingine. Mkurugenzi mpya ndiye atakayeamua kama kituo chetu cha mwani kisiwani Solmi kifungwe, ili pajengwe jumba la utafiti wa betri hapa mjini. Kituo kile nilikianzisha mimi na Noh Ok-ran, tukiwa vijana, tukilala juu ya marundo ya kamba na kunyang'anyana blanketi. Aliniita kaka. Kisha nikaitwa mjini kupandishwa cheo. Nilimwambia nitarudi baada ya mwezi.

Yeye bado yuko kule. Nikikipata kiti, nitakiokoa kituo. Atanipigia simu kushukuru. Labda atacheka. Cheko lake lilikuwa linaanza puani. Basi, nimesema nini tena? Kiti!

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya kwanza. Nimebandika tangazo mlangoni: watafiti vijana, njooni mseme shida zenu. Asubuhi hakuja hata inzi. Mchana wakaja wote. Mmoja alisema anabandika risiti zaidi kuliko anavyofanya utafiti. Mwingine friza yake imekufa na sampuli zinayeyuka. Wa tatu alikaa tu, akalia. Nikaahidi. Nikaahidi tena. Kufikia jioni nilikuwa nimegawa friza nisizokuwa nazo, likizo nisizoweza kutoa, na nusu ya maabara yangu mwenyewe.

Pyo akapita na bisibisi, akaitengeneza ile friza. Vijana wakampigia makofi. Mlangoni mwangu!

Jumamosi, 9 Machi

Mkuu wa Chuo, Mama Bang, hupanda mlima kila Jumamosi. Nikamtangulia na pombe ya mchele na chapati za vitunguu, ili tukutane kwa bahati. Viatu vipya. Msuli wa mguu ukanikaza, nikaanguka, nikalia kama mbuzi. Mama Bang alipotokea, alikuwa na Pyo. Wakala chapati zangu, wakazisifu. Kisha Pyo akanibeba mgongoni hadi chini.

"Shika shingo, mzee, usione haya," aliniambia. Halafu akauliza kama namfahamu huyo Daktari Noh wa Solmi, maana watu wanamsifu sana. Nikasema namfahamu juu juu.

Juu juu! Nimeshindwa kula chakula cha jioni.

Alhamisi, 14 Machi

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Mimi ndiye niliyeishawishi kamati ije kufanya usaili Solmi. Uwanja wa nyumbani, nikajiambia. Nayo leo ndiyo siku ambayo kwetu wanaume huwapa wanawake pipi. Nikaficha boksi ndani ya koti. La Ok-ran.

Boti likayumba njia nzima. Kuteremka gatini, boksi likachomoka, likatua miguuni pa Mama Bang. Akageuka rangi. Mbele ya kamati nzima akasema, "Profesa Tak, sheria unaijua. Mgombea hatoi zawadi." Ningejibu nini? Kwamba si zake, ni za yule mama pale mwenye mabuti ya mpira na mvi?

Pyo akaruka. "Zangu hizo! Alinibebea tu." Na ili ushahidi ukamilike, akazila zote, moja baada ya nyingine, mbele ya macho yangu.

Ok-ran alinipa mkono. Mwekundu kwa maji baridi. "Umekonda, Profesa Tak."

Profesa! Afadhali angenizaba kofi.

Akatukaribisha mezani: supu ya mwani. Kamati ikatutazama wagombea. Kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba siku ya mtihani huligusi bakuli hilo. Mwani unateleza, na bahati huteleza nao. Mtu akianguka usaili, twasema kala supu ya mwani. Pyo alishika tumbo, akasema pipi zimemshibisha. Mimi nikatazama dirishani. Lakini Ok-ran alikuwa kasimama na upawa.

"Huu ni wa tangi letu la kwanza," akasema. "Mbegu zile zile. Sikuziacha zife."

Nikala. Nikaomba tena. Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili. Supu haikuwa na pilipili.

Usaili: wakauliza kiongozi wa utafiti afanye nini kwanza. Hotuba yote niliyokariri ikateleza. Nikasema, "Aende akaone." Mama Bang akauliza mara ya mwisho mimi mwenyewe nilikuja lini. Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Ok-ran, aliyekuwa akikusanya vyombo, akanijibia polepole: "Hajawahi kurudi." Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniumiza.

Hapo kamati ikamgeukia yeye. Akaeleza jinsi alivyokesha na kimbunga akiyafunika matangi kwa magodoro ya kitanda chake. Jinsi wavuvi wanavyomwazima jenereta. Vijana aliowafundisha hadi wakawa watafiti, wakaondoka, na jinsi anavyofurahi wanapoondoka ingawa nyumba hubaki kimya. Mama Bang alisahau kwamba boti linatungoja.

Jumanne, 26 Machi

Matokeo. Si mimi. Si Pyo.

Ni Ok-ran! Hata hakuomba. Inasemekana Mama Bang alimfuata kisiwani kumbembeleza, naye akakubali kwa sharti kwamba kituo kisifungwe.

Simu ikalia. Yeye! Akacheka, na cheko likaanzia puani. Anahamia mjini! Nimeshaanza kuwaza mashati. Akaendelea kuongea, nami simsikii, nasikiliza sauti tu. Kisha akasema, "Kaka, wewe peke yako ndiye ninayekuamini kwa jambo hili. Unakubali?"

Kaka! Nikakubali papo hapo. Baada ya kukata simu ndipo nilipomuuliza katibu nimekubali nini.

Nimekubali kukiongoza kituo cha Solmi.

Jumatano, 3 Aprili

Tumepishana gatini. Yeye akipanda, mimi nikishuka. Akanikabidhi funguo na jenereta la wavuvi. Upepo ukampeperushia nywele usoni. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja ya kweli, na yeye, naapa, aliisubiri. Nikasema, "Pampu zinafanya kazi vizuri?"

Akasema vizuri sana.

Boti likaondoka. Nilipunga mkono hadi nahodha wa boti jingine akadhani namwita, akaja.

Jumapili, 14 Aprili

Kimya. Mwani umestawi. Jioni nayasemesha matangi, nayo yananguruma kwa adabu.

Kisha, wazo! Kazi ya Mkurugenzi wa Utafiti ni kwenda kuona. Kituo kikiharibika, lazima aje. Nimelegeza nati ya pampu. Moja tu, tena ya tangi tupu. Nikapiga simu kwa sauti ya msiba. Ok-ran akasema, "Usihangaike, kaka. Kesho kwa boti la kwanza msaada utafika."

Nimenyoa ndevu. Nimepika wali na samaki. Nimechuma maua nikayatupa, nikayaokota.

Jumatatu, 15 Aprili

Boti limefika. Akashuka Pyo na sanduku la vifaa.

Kaona kosa kabla hajavua koti. Kakaza nati zote za kituo, hata za kitanda changu. Amekula samaki wote. Anasema Mkurugenzi amefurahi sana kuona natoa taarifa mapema, na kwamba hewa ya huku inampendeza, atakaa wiki nzima. Anapiga mluzi sasa hivi ninavyoandika.

Haidhuru. Kosa lilikuwa pampu. Profesa wa betri anazijua pampu, lakini mapaa je? Nimelikagua paa la ghala. Kuna bati moja linalohitaji kusaidiwa kidogo tu.