Hotuba ya Mwenyekiti Kuhusu Safari ya Kwenda Wrenmouth, Uingereza

Mheshimiwa Katibu wetu Bwana Khalfan. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Muda ya Kudumu. Wazee wa Al Baraha mliovuka jiji zima kuja hapa International City. Wapiganaji wa Al Qusais mliotoka zamu na kuja na sare zenu. Mheshimiwa mwenye ukumbi, ambaye ametukumbusha mara mbili kwamba saa kumi na moja ana harusi. Na mimi mwenyewe, Mwenyekiti wenu, ambaye nisipojitaja hakuna atakayenitaja: itifaki naomba ijipange yenyewe. (Makofi ya wastani.)

Ndugu wanajumuiya, sisi tuliokuja kutafuta riziki huku nchi za Kiarabu, tangu Januari nimewaahidi kwamba ujumbe wa watu kumi na wawili utakwenda Wrenmouth, mji wa bandari katika pwani ya Uingereza, kwa ajili ya kutia saini udugu wa kudumu kati yao na sisi, na leo nasema bila kupepesa macho kwamba mchakato umefikia asilimia tisini na nne.

(Lois, mlinzi wa jengo huko Al Qusais, anasimama: "Mwenyekiti, samahani. Kampuni inanipa tiketi ya likizo mara moja kwa miaka miwili. Nimemwambia mama kule Kitale asiningoje kwa sababu ya hii safari yako. Ofisi inafunga orodha ya tiketi saa kumi na moja leo. Niwaambie Nairobi, niende nyumbani, ama niwaambie nini?")

Swali zuri sana, dada Lois, nami nitalijibu kwa kina mara tu baada ya historia. Mji wa Wrenmouth ulianzishwa na wavuvi, ukachomwa na maharamia, ukajengwa upya, ukachomwa tena na mwoka mikate, na bandari yake ni ya ufanisi usio na mfano, kwani tangu mwaka 1871 haijachelewesha meli hata moja, mwaka ambao tope liliifunga na meli zikaacha kuja. (Makofi. Sauti ya nyuma: "Maashallah!")

Nikigusia huduma za jamii, maktaba ipo na hufunguliwa kila Jumanne isipokuwa Jumanne ya mvua, choo cha umma kipo, na kando ya bahari kuna viti mia mbili na kumi na vinne vya mbao, kila kimoja kimeandikwa jina la marehemu aliyekipenda.

(Mishi, muuza mabuibui wa Al Baraha: "Wallahi mimi siketi juu ya marehemu wa mtu!" Kicheko kirefu.)

Bi Mishi, stekiholda wote watashirikishwa, marehemu wakiwemo. Naendelea. Ufukwe wao ni wa mawe matupu, jambo linalookoa muda wa kukung'uta mchanga, na bahari yao ni baridi mwaka mzima, ilhali sisi hapa Agosti tunaoga maji ya bomba yanayoweza kupika yai.

(Lois: "Mwenyekiti, imebaki dakika nne. Mwaliko uko wapi? Tuonyeshe hata barua.")

(Sauti: "Mwache amalize!" Mishi: "Amalize nini, na mwenzake ana mama anayengoja?")

Dada yangu, barua ni hatua, na hatua zote ziko ndani ya ile asilimia sita iliyobaki. Sote tuseme: Wrenmouth! (Wachache: "Hoyee!") Udugu! (Mmoja: "Juu!")

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Khalfan, aliyeuona mji huu kwenye simu yake tukiwa tunasubiri basi la kwenda kwenye metro, na papo hapo tukaupenda. Naishukuru Kamati, iliyokaa vikao kumi na saba kuchagua rangi ya tai za wajumbe. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wananchi wa Wrenmouth, ambao hawajatupinga katika jambo lolote, kwa kuwa hadi sasa hatujawaandikia.

(Lois yuko mlangoni, simu sikioni: "Sir? Ni Lois. Andika Nairobi. Yes sir, Nairobi. Khalas, imekwisha.")

Mwisho kabisa, shukrani zangu kwa dada Lois, mfano wa kuigwa, ambaye naona ameshatangulia kwenda kufunga mizigo.